Ajali ya kutua ina kinga

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini taarifa mliyoichapa hivi karibuni kuhusu ndege ndogo ya binafsi iliyopitiliza mwisho wa njia ya kurukia, ikaingia mtaroni na kulala chali, huku rubani na abiria wake wakitoka na majeraha madogo. Taarifa iliandikwa kwa lugha safi, nami sina ugomvi na mwandishi wake kwa lolote aliloliona kwa macho yake. Ugomvi wangu ni na sentensi yake ya mwisho, ile iliyosema kwamba chanzo kinasadikiwa kuwa hitilafu ya mitambo, na kwamba hata hivyo ajali haina kinga. Msemo huo ni wa faraja, na mahali pake ni msibani. Ukiwekwa kwenye taarifa ya ajali ya kutua, unafunga mlango ambao ndiyo kwanza ulipaswa kufunguliwa.

Ninaandika kama mtu aliyerusha ndege za injini moja kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa mapenzi tu na kwa gharama zake mwenyewe, na ambaye ameharibu ndege moja katika kutua. Nitaieleza ajali hiyo hapa chini, kwa kuwa naona si haki kuwanyooshea wenzangu kidole ilhali cha kwangu nimekificha mfukoni.

Kutua kumekuwa na tabia hii tangu siku ya kwanza. Tarehe 17 Desemba 1903 ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, waliirusha ndege yao mara nne. Safari ya nne, iliyozidi zote kwa urefu, ilidumu sekunde 59 na kufika umbali wa mita 260 hivi, kisha ikaishia kwa ndege kupiga chini na kuvunja viunzi vya usukani wake wa mbele. Vitabu vya shule hukumbuka zile sekunde 59 na kuvisahau viunzi. Siku ileile binadamu aliporuka kwa injini ndiyo siku aliyoandikisha ajali ya kutua, na injini yake haikuwa na kosa lolote.

Takwimu za Marekani, nchi yenye ndege ndogo nyingi kuliko nyingine yoyote, zinaonyesha mwaka hadi mwaka kwamba miongoni mwa ajali zinazohusishwa na makosa ya marubani wa ndege ndogo, zile za kutua ndizo nyingi kuliko zote, ingawa wanaokufa ndani yake ni wachache. Nadhani uchache huo wa vifo ndio unaotulaza usingizi. Gurudumu limepinda, bima imelipa, wahusika wamerudi nyumbani kwa miguu yao, na habari imekwisha. Lakini liko kundi jingine, dogo, la ndege zinazoanguka mita mia moja au mia mbili kutoka ardhini, zikiwa bado zinajipanga kuielekea njia ya kurukia, na humo ni nadra mtu kutoka hai. Magazeti huyaandika makundi haya mawili kwa maneno yaleyale. Naomba nafasi niyatenganishe, nikianza na lile la kwanza, ambalo nalifahamu kwa mwili wangu.

Ilikuwa alasiri yenye joto, na abiria wangu alikuwa na miadi. Nilipokuwa bado nauzunguka uwanja nilikiona kifuko cha upepo kimegeuka, kikielekea kulekule nilikokuwa nikielekea mimi, maana yake upepo ulikuwa ukinisukuma kwa nyuma. Niliona, nikaelewa, nikajiambia kwamba si upepo wa kutisha. Kuzunguka ili nitue kutoka upande wa pili kungenichukua dakika nne. Kitabu cha ndege kilinitaka nivuke ukingo wa njia ya kurukia kwa mwendo wa kilomita 115 kwa saa; nilivuka kwa 135 hivi. Nikapunguza nguvu ya injini na kuuvuta usukani taratibu kama nilivyofundishwa, na ndege haikutua. Ikaelea. Asiyewahi kukaa kwenye kiti kile anaweza kudhani kuelea ni raha, lakini unapoiona mistari myeupe ya katikati ikipita chini yako mmoja baada ya mwingine, na mwisho wa lami unakusogelea, subira hukuishia upesi. Yangu iliisha. Nikausukuma usukani mbele kidogo, kama mtu anayemkalisha mtoto kitini kwa nguvu.

Gurudumu la pua likagusa kwanza, jambo ambalo halikukusudiwa kamwe na aliyeiunda ndege ile, kwa sababu magurudumu mawili ya nyuma ndiyo yenye miguu ya kubeba kishindo. Pua ikarushwa juu, mabawa yakapata hewa, na ndege iliyokuwa bado na mwendo wa ziada ikaruka tena. Nikaisukuma chini, ikapiga na kuruka juu zaidi. Hali hii kila rubani ameisoma darasani. Mkono wa binadamu huwa nyuma ya ndege kwa kitambo kidogo sana, na kitambo hicho kinatosha kugeuza kila sahihisho kuwa kosa jipya, hivyo ndege huchupa kama kigae kinachorushwa na watoto juu ya maji, isipokuwa kigae hupungua nguvu kila kinapogusa, na ndege huzidi. Katika mruko wa tatu mguu wa pua ulikatika, pangaboi likapiga lami, injini ikanyamaza ghafla, tukaburuzika hadi tukasimama mkia juu. Kilichobaki ni mlio mwembamba wa vyombo vya ndani vikimalizia mzunguko wake, na harufu ya petroli. Abiria wangu aliniuliza, kwa adabu, kama tumefika.

Fundi alipokuja hakuishughulikia pua iliyovunjika. Alipiga magoti mbele ya pangaboi, akazishika ncha zake zilizokuwa zimejikunja kama majani yaliyobabuliwa na moto, akatikisa kichwa. Injini ambayo pangaboi lake limepiga kitu likiwa linazunguka hufunguliwa yote na kukaguliwa ndani, hata kama kwa nje inaonekana nzima, na kazi hiyo hugharimu kuliko mguu wa pua. Nilijaza fomu ya taarifa, na penye nafasi ya chanzo mkono wangu ulianza kuandika neno upepo. Nililikata. Mguu wa pua ulikatika kwenye lami, lakini ajali yangu ilikuwa imeanza dakika chache kabla, pale nilipokitazama kifuko cha upepo na kuanza kuhesabu dakika nne za watu wengine.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu mwandishi wenu alimhoji shahidi aliyesema ndege ilikuja kasi, ikapaapaa juu ya njia, kisha ikashuka mbali sana. Shahidi huyo, ambaye huenda hajawahi kuigusa ndege, alitoa maelezo ya kitaalamu kuliko mtu mwingine yeyote kwenye ukurasa ule, nanyi mkampa mstari mmoja.

Hesabu zenyewe si za siri. Nguvu iliyomo katika kitu kinachokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, kwa hiyo ndege inayogusa chini ikiwa na mwendo wa ziada wa asilimia 10 ina nguvu zaidi kwa asilimia 21, na yote hiyo lazima imalizwe na breki na urefu wa njia. Chukueni mfano wa Cessna 172, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955 na ambayo imetengenezwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000. Kitabu cha toleo lake la 172S kinasema kwamba katika usawa wa bahari, siku isiyo na upepo, juu ya lami kavu, inahitaji jumla ya mita 407 hivi kuvuka kikwazo chenye kimo cha mita 15 na kusimama, na kati ya hizo mita 175 ndizo za kubiringika ardhini. Kitabu hichohicho kinamtaka rubani aongeze asilimia 10 ya umbali kwa kila kilomita 4 hivi kwa saa za upepo wa nyuma, maana yake upepo wa kilomita 18 kwa saa, ambao kwa mtu aliyesimama chini ni wa kupepea nguo tu, unadai nusu nzima ya ziada. Kwenye majani makavu huongezwa asilimia 45 ya ule umbali wa kubiringika. Majani yakiwa mabichi na yenye umande, afadhali rubani asifikirie breki kabisa. Tena namba hizi zilipatikana kwa ndege mpya na rubani wa majaribio, na ndiyo maana mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza huwashauri marubani binafsi wazidishe umbali wa kitabu kwa 1.43 kabla ya kuamua kwamba njia inawatosha.

Joto na mwinuko vina hila yao. Hewa ikiwa nyepesi kwa sababu hizo, kipima mwendo husoma kilekile, na rubani hufuata namba zilezile, lakini ndege inakwenda kasi zaidi juu ya ardhi, takriban asilimia 2 kwa kila mita 300 za mwinuko. Rubani aliyezoea uwanja wa pwani akifika uwanja wa milimani saa saba mchana huiona ardhi ikikimbia kuliko kawaida, na macho yake humshawishi apunguze mwendo ambao hakupaswa kuupunguza. Macho hudanganya kwa namna nyingine pia: njia nyembamba humfanya mtu ajione yuko juu mno, na njia inayopanda mlima hufanya vivyo hivyo, akashuka chini kuliko salama. Usiku juu ya eneo lisilo na taa hata moja, hali huwa mbaya zaidi. Viwanja vingi vimewekewa taa nne kando ya njia, mbili nyeupe na mbili nyekundu kwa aliye kwenye mteremko sahihi, na zikiwa nyekundu zote rubani anajua yuko chini mno. Viwanja vidogo ambako ndege binafsi hutua mara nyingi havina taa hizo.

Sasa nije kwenye kundi la pili, ambalo sipendi kuliandika lakini ndilo linalohitaji kuandikwa.

Ndege inayokuja kutua huzunguka uwanja kwa umbo la mstatili, kwa kawaida ikiwa mita 300 hivi juu ya ardhi, kisha inakata kona mbili huku ikishuka, na kona ya mwisho ndiyo inayoipanga sawasawa na njia. Rubani akiichelewa kona hiyo, pengine kwa sababu upepo umemsukuma, anajikuta ameupita mstari wa njia. Jambo la busara ni kuuacha mtuo huo. Jambo ambalo mwili hutaka kulifanya ni kulazimisha: kuilaza ndege zaidi upande mmoja, na kuvuta usukani ili pua igeuke upesi. Ndege iliyolala kwa nyuzi 45 na kudumisha kimo huhitaji mwendo mkubwa kwa asilimia 19 ili mabawa yaendelee kuibeba, na ikilala kwa nyuzi 60 huhitaji asilimia 41 zaidi. Rubani yeye amekwishapunguza mwendo, kwa sababu anajiandaa kutua. Wapo wanaoogopa kulaza bawa karibu na ardhi, na hao hukanyaga usukani wa mkia ili waiburuze pua kuelekea njiani, jambo ambalo ni hatari kuliko lile la kwanza. Bawa moja huacha kubeba kabla ya jingine. Marubani husema ndege imestoli. Atazamaye kutoka chini huona ndege imejipindua kama ndege wa porini aliyepigwa manati, kisha inazunguka pua chini. Kuitoa ndege ndogo katika mzunguko ule huchukua kwa kawaida mita 300 au zaidi, naye yuko mita 150. Injini inanguruma vizuri tu hadi mwisho.

Neno hilo, kustoli, huwachanganya waandishi wengi, kwa sababu katika magari hutumika injini inapozimika. Kwa ndege halihusiani na injini hata kidogo. Ni bawa kuipokea hewa kwa pembe kali kupita kiasi, mpaka hewa inashindwa kulifuata umbo lake na kuachana nalo. Nashuku kwamba taarifa nyingi za injini iliyozimika angani zilizaliwa kwa rubani au mwongoza ndege kulitaja neno hili mbele ya mwandishi.

Umaarufu wala fedha havimkingi mtu. Tarehe 2 Agosti 1979, Thurman Munson, nahodha wa timu ya besiboli ya New York Yankees, alikuwa akifanya mazoezi ya kutua na kupaa katika uwanja wa Akron-Canton, Ohio, kwa ndege yake mwenyewe ya jeti aina ya Cessna Citation, ambayo alikuwa ameinunua wiki chache tu kabla. Ndege ilishuka ikakosa mwendo, ikapiga chini kabla ya kufika kwenye njia ya kurukia, ikashika moto. Wenzake wawili waliokuwamo waliokoka. Yeye alikufa akiwa na umri wa miaka 32. Wachunguzi walihitimisha kwamba rubani hakutambua haja ya kudumisha mwendo wa kutosha kuizuia ndege isistoli, wala hakuchukua hatua. Hapakuwa na dhoruba siku ile.

Nirudi kwenye ile kinga niliyoitaja katika kichwa cha barua hii. Inaitwa kughairi kutua. Rubani anasukuma nguvu yote ya injini, anaishika pua isipande mno, anakunja flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, hatua kwa hatua, anapaa, anazunguka, anakuja tena. Haihitaji ruhusa ya mtu. Mnara wa kuongozea ndege, kama upo, huarifiwa baadaye. Hufundishwa katika saa za mwanzo kabisa za mafunzo ya urubani, na mwanafunzi haruhusiwi kuruka peke yake kabla hajaijua. Ajabu ni kwamba baada ya kupata leseni marubani wengi huiacha kama nguo ya shule. Nimeuliza wenzangu wengi ni lini walighairi kutua kwa mara ya mwisho, na wengi wao hulazimika kufikiri kwanza.

Sababu naijua, maana ilinitawala na mimi. Kutua ndiyo sehemu pekee ya urubani ambayo abiria anaweza kuitolea hukumu. Hajui kama ulisoma hali ya hewa vizuri au kama ulipima mafuta kwa kijiti, lakini anajua kama magurudumu yamegusa kwa upole. Viwanja vidogo navyo huwa na benchi fulani kivulini ambapo wazee wa fani huketi na kutazama wanaotua, wakinong'ona. Rubani anayepita juu ya vichwa vyao kwa kishindo cha injini bila kutua anajua kwamba atakapofika chini ataulizwa kulikoni. Kwa aibu ya swali hilo watu wamevunja ndege zao. Mimi nilivunja ya kwangu mbele ya benchi lenye watu wanne.

Sitaki kuifanya kinga hii ionekane rahisi kuliko ilivyo. Kughairi kukicheleweshwa, baada ya ndege kuruka mara mbili na mwendo kuisha, nako kumeua watu. Nguvu yote ya injini inapoingia ghafla katika ndege iliyopangwa kwa ajili ya kutua, pua hupanda yenyewe na ndege huvutwa upande, kwa kawaida kushoto, na rubani aliyeshtuka akikunja flapu zote kwa mkupuo, ndege hudidimia. Ndiyo maana uamuzi unapaswa kufanywa mapema na kwa kanuni iliyowekwa kabla ya kushuka. Ya kwangu sasa ni hii: nikifika mita 90 juu ya ardhi na ndege haijawa kwenye mstari, kwenye mwendo wake na kwenye mteremko wake, naondoka, na nikiwa sijagusa chini katika theluthi ya kwanza ya njia, naondoka. Sijiulizi wala sijadiliani na abiria. Wenye kufundisha wana kanuni zinazokaribiana na hiyo, na sidai kuwa nimegundua chochote.

Ziko ajali nyingine za kutua ambazo nitazipitia haraka. Kutua bila kushusha magurudumu, kwa ndege ambazo magurudumu yake hukunjwa, kwa kawaida hakuui mtu; huumiza mfuko na heshima. Kengele ya tahadhari hulia, naye rubani aliyeelemewa na mambo haisikii kabisa, hata pakawa na kisa wanachopenda kusimuliana marubani cha yule aliyemlalamikia mwongoza ndege kwamba hakusikia onyo lake la redio kwa ajili ya makelele ya kengele. Ndege zenye gurudumu dogo mkiani zina ugonjwa wake wa kugeuka ghafla zikibiringika, kwa kuwa uzito wake uko nyuma ya magurudumu makuu na hupenda kutangulia. Upepo wa ubavuni humtaka rubani alaze bawa upande utokako upepo na kuinyoosha ndege kwa usukani wa mkia, ufundi unaochakaa usipotumiwa, nao wanaoruka Jumapili moja kwa mwezi wakati wa hali nzuri hawautumii. Tena wapo wanaokosea mahali. Mwigizaji Harrison Ford, rubani wa miaka mingi, tarehe 13 Februari 2017 alitua katika uwanja wa John Wayne, California, juu ya njia ya kupitia ndege, ile ambayo ndege huitumia kutembea ardhini, badala ya njia ya kurukia, akipita juu ya Boeing 737 iliyokuwa na abiria. Alikiri kosa lake mwenyewe, na mamlaka haikumwadhibu. Nadhani kukiri kule kulisaidia usalama kuliko faini yoyote.

Wasomaji wenu watauliza kama teknolojia haijalitatua jambo hili. Kwa sehemu. Ndege za Cirrus hutoka kiwandani zikiwa na mwavuli unaoweza kuishusha ndege nzima, nao umeokoa watu wengi, lakini mwavuli unahitaji kimo ili ufunguke, na kona ya mwisho iko chini mno. Mwaka 2020 mfumo wa kampuni ya Garmin unaoweza kuitua ndege wenyewe rubani akizimia ulipata kibali cha kwanza, katika ndege aina ya Piper M600. Ni kazi ya kupendeza. Wingi wa ndege ndogo zinazoruka leo, hata hivyo, zina umri wa miongo kadhaa, na ningefurahi kwanza zote zingekuwa na mikanda ya mabega. Marekani iliifanya kuwa lazima katika viti vya mbele vya ndege ndogo zilizotengenezwa kuanzia Julai 1978, kwa hiyo nyingi za kabla ya hapo zilitoka kiwandani na mkanda wa kiunoni tu, na katika ajali ya kutua ambayo mwili ungeweza kuihimili, kichwa hupiga dashibodi. Rubani na abiria wa taarifa yenu walitundikwa kichwa chini ndani ya ndege iliyopinduka, wakatoka na michubuko. Ningependa sana kujua walikuwa wamefunga mkanda gani. Mwandishi hakuuliza.

Najua gazeti huchapwa usiku uleule na uchunguzi huchukua miezi. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kinachoongoza uchunguzi wa ajali za ndege, kinasema wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba kugawa lawama si kazi yake. Kinataka pia taarifa ya awali ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Ombi langu kwa chumba chenu cha habari ni dogo. Siku ya kwanza andikeni kilichoonekana, pamoja na upepo ulikuwa ukitoka wapi, njia ilikuwa na urefu gani na imetengenezwa kwa nini, ndege iligusa chini sehemu gani, na kama lilikuwa jaribio la kwanza au la pili la kutua. Mambo hayo yote yanapatikana uwanjani kabla ya jua kuzama, na hayamhukumu mtu. Neno hitilafu liachieni wachunguzi. Kisha wekeni alama kwenye kalenda, na taarifa ya mwisho ikitoka, ipeni nafasi ileile mliyoipa picha ya ndege iliyopinduka, kwa sababu hadi siku hiyo wasomaji wenu watakuwa bado wanaamini kwamba ilikuwa injini.

Na iwapo mtapata siku moja taarifa ya ndege ndogo iliyokuja kutua, ikaacha, ikazunguka na kutua salama mara ya pili, najua hamtaichapa, kwani si habari. Nitaelewa. Lakini mkiwa na mwandishi asiye na kazi alasiri moja, mtumeni akakae kwenye lile benchi la kivulini, aisubiri ndege itakayopita juu bila kutua, na amtazame usoni rubani wake anaposhuka.

Wako,
Rubani wa ndege ndogo, msomaji wenu wa siku nyingi